Hatua Ishirini na Sita Hadi Chooni

Siku ya tano baada ya kuniaga kwa keki na kanga mbili nilipostaafu, Husna na Baraka, mlinipigia simu kutoka hospitalini kuuliza ufunguo wa lile kabati la kijivu uko wapi. Kabati lile halijawahi kuwa na ufunguo, jamani. Unaligonga kwa goti chini upande wa kushoto, halafu unavuta. Nilipokata simu nikakaa kibarazani nikajiuliza: kama hata hilo sikuwaambia, nimeondoka na mangapi mengine? Basi nimenunua daftari. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika, maana vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua wenyewe. Naandika kazi tu, kama nilivyoiona kwa miaka thelathini na ushei, na mkikuta nimemsema mtu, mjue nimejisema mwenyewe zaidi.

Mimi ni mtoto wa Kilosa, mjukuu wa kibarua aliyeletwa kukata mkonge. Nyumbani kwetu mwili ulikuwa wa kufanyia kazi mchana na kuulaza usiku, basi. Nilipotoka chuoni nikasema nimesomea mazoezi ya viungo, baba aliniuliza: "Yaani mtu mzima anatoka kwake anakuja kwako, wewe unamwambia simama, kaa, simama, kaa?" Nikasema ndiyo, baba. "Na serikali inajua?" Nikamwambia ndiyo itakayonilipa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na jioni ile mtaa mzima ukawa na habari zangu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, nikazunguka hospitali nzima nikitafuta chumba cha mazoezi. Kilikuwa mwisho wa varanda, baada ya chumba cha kufulia, pale ambapo mtu akipotea ndipo anapofika. Ndani palikuwa na vyuma viwili vya kushikilia vilivyochomelewa na fundi wa reli kwa mabomba ya zamani, baiskeli isiyo na magurudumu, ngazi ya mbao ya vidato vitatu isiyokwenda popote, na mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa miguu ya suruali kuukuu za kaki. Kwenye kigoda alikaa Bwana Mtweve, mtu wa Njombe, mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya mtu asiyewahi kuwa na haraka. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama viatu, akasema, "Hivyo vya kisigino utavaa siku ya harusi yako."

Asubuhi hiyohiyo akaja bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Alipotaka kuinuka kwenye benchi nikarukia kumshika mkono, maana nilivyolelewa, bibi hainuki peke yake mbele yangu nikiwa nimesimama. Bwana Mtweve akaniita pembeni. Hakunikaripia. Aliniambia, "Mariamu, ukimshika, mguu wako wewe ndio unaofanya mazoezi. Wa kwake umelala." Akanionyesha mahali pa kusimama: nusu hatua nyuma, upande ule mbovu, mikono iko tayari lakini haigusi. Bibi yule alichukua dakika nzima kuinuka. Ilikuwa dakika ndefu kuliko mtihani wa chuo, na nilisikia aibu kama nimemwacha mama yangu mtoni.

Kitu kingine alichonifundisha ni kwamba hakuna mtu anayefanya mazoezi "kila siku". Hilo ni neno la kwenye karatasi. Yeye alikuwa anauliza, "Mama, ukiamka unafanya nini kwanza?" Mama anasema nawasha moto. "Basi kabla ya kuwasha moto, simama na kaa mara tano kwenye kigoda chako. Ukisubiri chai ichemke, tano nyingine." Mazoezi aliyatundika kwenye jambo ambalo mtu hawezi kuliacha, na hapo yakashika. Nimeona watu waliopewa karatasi nzuri zenye picha wakazifungia karanga. Sijamwona aliyeacha kuwasha moto.

Na chakula, Mungu wangu! Kila mgonjwa ukimuuliza jana alikula nini, alikula mboga za majani. Kilosa nzima jana ilikula mboga za majani. Bwana Mtweve alikuwa anaitikia kwa heshima, anaandika, halafu siku mbili baadaye anapita nyumbani kwa mtu huyo saa sita mchana kama vile amepotea njia. Anakaribishwa, anaona mlima wa wali na mchuzi wa kijiko kimoja. Hagombi. Anakula nao, halafu anasema, "Mama, leo naomba mboga iwe mlima, wali uwe kijiko." Wanacheka, na mara nyingi wanajaribu. Mimi nilijaribu mbinu hiyo nikanenepa kilo kadhaa mwaka wa kwanza, kwa hiyo iigeni kwa tahadhari.

Baadaye nikahamishiwa Mikumi. Pale barabara kuu ndiyo mji wenyewe, na wagonjwa wangu wakawa madereva wa malori waliokunjika migongo, mama lishe waliovimba magoti, na wakata miwa waliopanda kutoka Ruhembe wakiwa hawawezi kuinua mkono juu ya bega. Wakata miwa walinifundisha kuhusu kupumzika. Kijana anakuja bega limeumuka, unamwambia pumzika siku tatu, anarudi baada ya wiki yuko vilevile. "Ulipumzika?" "Ndiyo sista, nilipumzika, nilikuwa nachimba choo tu." Ndipo nikaacha kusema "pumzika". Nikawa nawaambia jambo lenyewe: leo usinyanyue kitu kinachozidi kikombe, lala mapema, kesho tembea tu, keshokutwa urudi nikuone. Kupumzika ni dozi, na dozi bila maelekezo mtu hujipimia mwenyewe.

Huko Mikumi ndiko nilikofanya kosa langu la kwanza kubwa, na nalisimulia kwa sababu nyinyi mnapenda kuanzisha vikundi. Nilikusanya akina mama kumi na wawili wenye presha, tutembee haraka nusu saa kila asubuhi. Alfajiri haikuwezekana kwa sababu ya tembo wa hifadhini, wanaovuka wanapotaka na hawaombi ruhusa. Tukaweka saa moja na nusu. Siku ya kwanza hatukufika popote. Mtu mzima anayetembea kwa kasi, mikono mitupu, huku kwetu ana msiba. Kila nyumba wakatoka kutuuliza, "Jamani, nani?" Mmoja akaanza kabisa kujifunga kanga atufuate.

Mama mmoja akatoa wazo: tubebe ndoo tupu, watu wadhani tunakwenda kisimani. Nikaona ni akili nyingi sana. Wiki mbili watu wakaacha kutuuliza, na mimi nikajisifu kwenye taarifa yangu ya mwezi. Wiki ya tatu magoti yakaanza kuvimba, moja baada ya jingine. Nikashangaa, maana mimi nilikuwa naishia nao kwenye kona ya kwenda kisimani, kisha nakimbilia kazini. Siku moja nikabaki. Loo! Wanawake wote kumi na wawili wakarudi na ndoo zimejaa kichwani, lita ishirini ishirini. Nikapiga kelele, "Si tulisema tupu?" Wakanitazama kama nimechanganyikiwa. "Sista, mwanamke atoke upande wa kisimani na ndoo tupu? Mama mkwe atasema nini?"

Tukabadilisha njia, ndoo tukaziacha. Na salamu nayo ilitusumbua, kwa sababu mdogo akikutana na mkubwa lazima asimame aamkie, na nusu saa yetu ikaliwa na shikamoo. Dawa yake tuliigundua wenyewe: wazee wakatangulia mbele. Mkubwa anaamkiwa huku anatembea, anaitikia bila kusimama, na sisi wadogo nyuma yake tunapita salama. Kikundi kile kilidumu mpaka nilipohamishwa, na nasikia mabinti zao bado wanatembea.

Nilirudi Kilosa nikakikuta kigoda cha Bwana Mtweve kitupu. Alikuwa amestaafu na kujenga nyumba ndogo njia ya Chanzuru, anafuga kuku, analima mahindi na mbaazi na mkewe, Mama Neema. Kila mwaka nilipita kumwona, na kila mwaka aliniuliza mgonjwa wangu mgumu ni nani, nikamweleza, akanipa ushauri akiwa anamenya mbaazi. Yule mzee nilimpenda kama baba. Baba yangu mzazi alinifundisha kucheka, na huyu alinifundisha kazi.

Halafu akapigwa na kiharusi. Asubuhi moja alishindwa kushika kijiko, na kufika jioni upande wote wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umekwenda kando, maneno yamebaki mawili matatu. Presha alikuwa nayo, sukari alikuwa nayo, na dawa, kama wataalamu wengi, alikuwa anazimeza siku akikumbuka. Alilazwa siku kadhaa, hatari ikapita, akarudishwa nyumbani. Mazoezi yake nikayachukua mimi.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, Husna na Baraka, kwa sababu na nyinyi mlikuwepo. Mnakumbuka tulivyokuwa tunakwenda? Kila Jumamosi, tumebeba soda, biskuti, mkate wa maziwa, maboksi ya juisi, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu, na mgonjwa huyu alikuwa mwalimu wetu. Mtu ana sukari, na kabati la Mama Neema limekuwa duka! Tunaingia, tunapiga magoti, shikamoo mwalimu. Mmoja anamwinua kichwa, mmoja anamwekea mto, mmoja anamlisha. Mimi namnyoosha mkono na mguu akiwa amelala, taratibu, kama nakunja shuka ya mgeni. Nikimwambia, "Mwalimu, tunaweza kujaribu kukaa kidogo?" anafumba macho. Nami nasema, "Basi, tutajaribu siku nyingine, mwalimu."

Angekuwa mzee mwingine yeyote ningesema, "Haya baba, tunakaa sasa," na angekaa. Lakini nitamwamrishaje mtu aliyeniambia nivue viatu vya kisigino? Watu watatu tuliosomea kuinua wagonjwa, tukakusanyika kumlaza mmoja kwa heshima zote. Wiki sita. Bega likaanza kukaza, kisigino kikaanza kuwa chekundu.

Siku moja nilipita katikati ya wiki bila kutoa taarifa. Pazia la chumbani lilikuwa limeshushwa, nikasikia Mama Neema akihema na ndoo ikiburuzwa sakafuni, nikaelewa, nikarudi kukaa nje kwenye mkeka. Alipotoka alikuwa ameifunika ndoo kwa kanga, mgongo umepinda, na yeye mwenyewe si binti. Aliporudi kutoka chooni akakaa karibu nami akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu wenu huwa analia wakati huu tu. Mkimchoma sindano halii. Akishindwa kuongea halii. Nikimletea ndoo, analia mpaka namaliza."

Nikaingia. "Shikamoo mwalimu." Akageukia ukutani. Hakuitika. Huku kwetu mtoto akikuamkia ukanyamaza, umemwambia neno zito kuliko tusi, na mimi lilinishuka hadi miguuni. Nikasimama palepale. Ndipo akasema, "Choo." Mama Neema akaruka kuifuata ndoo, akinong'ona, si ametoka sasa hivi? Mzee akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto. "Choo!" Akanyoosha kidole dirishani, nje, kule kwenye kijumba cha matofali nyuma ya banda la kuku.

Hakuwa anataka kujisaidia. Alikuwa ananiambia anachotaka duniani. Kutembea hadi mjini alikuwa hakuhitaji, wala kushika jembe. Alitaka aende chooni mwenyewe, afunge mlango, mke wake asiwepo. Nikatoka nje nikapima kwa miguu yangu: kutoka kizingiti hadi mlango wa choo, hatua ishirini na sita. Mlango wenyewe unafunguka kwa nje, na kuna jiwe la kufulia linalokatiza njia.

Usiku huo sikulala vizuri, lakini kesho yake nilikuwa nimeshaamua. Niliingia chumbani kwake wima, nikasema, "Mwalimu, nisamehe. Kuanzia leo sikuamkii nikiingia. Nitakuamkia nikiondoka, kazi ikiisha. Nikikuamkia mwanzo, mimi ni mtoto wako, na mtoto hawezi kukuinua. Sasa kaa." Mama Neema akashika mdomo. "Mariamu! Unaingia kwa mwalimu wako hata salamu hakuna?" Mzee akanitazama kwa jicho moja zuri na moja lililolegea, na ghadhabu yake niliisikia hadi mlangoni. Kisha akajiegemeza kwenye kiwiko cha kushoto, akajisukuma, akateleza, akajisukuma tena. Nilisimama nusu hatua nyuma na mikono yangu ikiniwasha. Akakaa. Nilipomaliza nikapiga goti, shikamoo mwalimu. Akaitika kitu kama marahaba, kwa hasira. Chai Mama Neema hakunipa wiki nzima.

Tukaanza. Mazoezi niliyatundika kwenye mambo yake, kama alivyonifundisha mwenyewe. Kabla ya chai, anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mpaka nihesabu thelathini. Kuku wakifunguliwa, anasimama akishikilia meza. Kuku wakifungwa, tena. Taarifa ya habari ya redio ikianza, anapeleka uzito mguu wa kulia na kuurudisha, mpaka waseme hali ya hewa. Chakula alikula kwenye kiti, siyo kitandani, na kikombe nilimwagiza Mama Neema akiweke mbali kidogo, ili mkono ukitafute. "Huu ni ukatili," aliniambia. Nikamwambia, ndiyo, mama, na kesho sogeza zaidi.

Wageni nao wakawa kazi nyingine. Tukawaomba anayekuja aje na mchicha, mlenda, au dagaa, soda abaki nayo kwake. Hakuna aliyekubali. "Nimpelekee mwalimu mchicha kama napeleka kwa sungura?" aliniuliza mmoja wa wauguzi wa zamani. Husna wewe ndiye uliyeokoa jahazi: ulilifunga lile fungu la mchicha kwenye karatasi ya zawadi yenye maua, ukalifunga na utepe. Baada ya hapo wote wakaleta mboga zilizopambwa kama bibi harusi. Wali ukageuka dona kidogo na mboga nyingi, chai ikapoteza sukari, na mzee akanuna siku tatu kisha akasahau. Vipimo vyake vikaanza kutulia.

Mwezi wa pili wa mazoezi akaanguka. Mama Neema alikuwa kanisani, na yeye alishachoka na ratiba yangu, akaamua kufanya kwa siri. Alifika kizingitini. Mimi na Mama Neema tulimkuta amelala ubavu, shavu kwenye saruji, haongei, na kuku amesimama karibu naye anamchunguza. Hakuvunjika popote, Mungu mkubwa, lakini Mama Neema alilia kwa sauti hata majirani wakaja na kanga wakidhani ni msiba. "Basi," aliniambia mbele ya watu wote. "Basi, Mariamu! Mmeshamtesa vya kutosha. Mwacheni mume wangu apumzike. Ndoo nitabeba mimi mpaka nife." Kwa kweli niliona ana haki.

Siku tatu sikwenda. Nilikaa kwenye kile chumba mwisho wa varanda nikipanga mifuko ya mchanga ambayo ilikuwa imeshapangwa, nikijiuliza kama ningemwacha tu na heshima zake. Siku ya nne akaja jirani yao na ujumbe kwamba nahitajika. Nilimkuta mzee kwenye kiti, amevalishwa shati la vifungo. Mama Neema amesimama nyuma yake, macho mekundu. Mzee akasema, kipande kwa kipande, na kila kipande kilimgharimu: "Mama Neema. Na. Taka." Mama Neema akafuta uso kwa upande wa kanga. "Tangu juzi anasema hilohilo, kidole kiko dirishani, kule chooni," aliniambia. "Haya, Mariamu. Lakini akianguka tena, uanguke naye."

Nikabadilisha mambo mawili. Nilimwekea siku za kupumzika za lazima, moja kwa kila mbili za mazoezi, na nikamweleza kwa maelekezo kama nilivyokuwa nawaeleza wakata miwa, kwa sababu alikuwa ameanguka kwa uchovu, mguu ulikwisha nguvu kabla ya nia. Na Baraka akaja na nyundo na chepeo, akaling'oa lile jiwe la kufulia na kuugeuza mlango wa choo ufungukie upande wa mkono wake mzuri. Kuanzia hapo tukaongeza hatua kama mtu anayeongeza chumvi: hadi kizingiti, tukarudi. Hadi ilipokuwa jiwe, tukarudi. Hadi banda la kuku, akapumzika kwenye kiti, tukarudi. Kuna wiki tulirudi nyuma kwa hatua tano na sikumwambia mtu.

Kabla sijaandika mwisho, niseme jambo moja kwenu. Mtawapata wagonjwa mnaowaogopa: shehe wenu, mchungaji wenu, mwalimu wenu, baba mkwe. Mtajikuta mnawahudumia vizuri kuliko wote na wao ndio watakaodhoofika kuliko wote. Wekeni heshima yenu mwisho wa kazi, itawasubiri, haiozi. Mimi nilichelewa wiki sita, na kila nikiuona mkono wake wa kulia, ambao haukuwahi kufunguka vizuri tena, nilijua zile wiki sita ziko mle.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mvua za vuli zimekatika na ardhi imekauka. Hatukuwa tumepanga. Nilifika nikamkuta ameshasimama kizingitini na fimbo yake mkono wa kushoto, ananisubiri. Hakunitazama. Akashuka. Nikamfuata nusu hatua nyuma upande wa kulia, Mama Neema nyuma yangu amenikamata koti kwa nguvu mpaka nikasikia mshono ukilia. Hatua zangu ishirini na sita zilikuwa zake zaidi ya sitini. Fimbo, mguu mzuri, ule mwingine unaburuta nusu duara, fimbo. Kwenye banda la kuku, pale pa kiti, hakukaa. Jirani akapita nje ya ua na baiskeli, akapaza sauti, "Shikamoo mzee!" Moyo ukanipasuka, maana kugeuka tu kungemwangusha. Akasimama. Akajiweka sawa. Bila kugeuza kichwa akasema, "Marahaba," neno zima, silabi zote, kisha akaendelea.

Mlangoni alisimama muda mrefu. Aliegemeza fimbo ukutani, akashika fremu, akauinua ule mguu kwa paja kama anavuta gunia juu ya kidato, akaingia. Mlango ukarudishwa. Tukasikia mkono ukipapasa bati, ukitafuta, ukikosa, ukitafuta tena. Mama Neema alifungua mdomo kumwelekeza, nikamtikisia kichwa. Kisha komeo likalia: tak.

Mama Neema akanikumbatia kifuani, na mtu mzima nililia kama mtoto, sikujizuia na sijutii. Tukabaki hapo tumeshikana katikati ya ua, tunasubiri sijui nini, mpaka sauti ya mzee ikatoka ndani, imepinda bado, lakini ni ileile ya chumba cha mazoezi.

"Mnangoja nini hapo? Ondokeni!"

Tukaondoka mbio, wanawake wawili wazima, kila mmoja amemshika mwenzake mkono, tukakimbilia jikoni tukafunga mlango.